Kopo la kupuliza, koili, kifaa cha umeme au neti: kipi kinayasumbua mapafu kidogo zaidi?

Dukani swali huwa moja: "Ipi inaua haraka?" Muuzaji anashusha kopo lenye picha ya mende aliyelala chali, mteja analipa, anaondoka. Hakuna anayeuliza ni nani atakayebaki chumbani akivuta kile kilichomlaza mende yule chali.

Ulinganisho huu unahusu swali hilo la pili. Nimeweka pamoja njia ambazo watu wa huku kwetu hutumia kila siku dhidi ya mbu na mende, na kigezo kikuu ni kinachoingia puani na kushuka kifuani. Bei, harufu na kasi ya kuua vinakuja baadaye. Msimamo wangu nautaja mapema ili usome ukijua ninakoelekea. Kwa chumba cha kulala neti haina mpinzani. Kopo likipulizwa mapema, watu wakiwa nje, na chumba kikafunguliwa baadaye, ni afadhali kuliko koili inayofuka usiku kucha. Kopo linalopulizwa juu ya watu waliokwisha kulala ndilo baya kuliko vyote, na ndivyo nyumba nyingi zinavyolitumia.

Kopo lina nini ndani

Geuza kopo usome maandishi madogo ya nyuma. Utakuta majina kama tetramethrini, sipermethrini, permethrini au prallethrini. Zote ni jamii ya pairethroidi, dawa za maabara zilizoigiza sumu ya asili iliyomo kwenye ua la pareto, lile linalolimwa Mufindi, Njombe na upande wa Molo. Kinachowashangaza wengi ni kiasi chake: mara nyingi dawa hizo zote kwa pamoja hazifiki asilimia 1 ya kilichomo. Kinachobaki ni kiyeyusho, aghalabu mafuta yaliyosafishwa ya ukoo mmoja na mafuta ya taa, pamoja na manukato kidogo na gesi ya kusukumia. Gesi yenyewe ni butani na propani, zilezile za mtungi wa kupikia.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kopo la dawa ya wadudu lilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1940 na Lyle Goodhue na William Sullivan wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, na likapelekwa vitani kuwakinga askari na mbu wa malaria. Gesi ya wakati ule haikuwaka moto, ila baadaye ilijulikana kuwa inakula tabaka la ozoni. Makatazo yaliyoanza miaka ya 1970 na kutiwa nguvu na Mkataba wa Montreal wa 1987 yaliviondoa viwanda kwenye gesi hiyo. Vingi vikahamia butani na propani, na kopo la sebuleni likawa kitu cha kulipuka.

Tufanye hesabu ndogo. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye dari ya mita 2.8 kina hewa ya karibu mita za ujazo 29. Kopo la kawaida hutoa takribani gramu 1 kila sekunde. Mtu aliyeamshwa na mbu mmoja sikioni habonyezi sekunde tatu. Hubonyeza mpaka hasira iishe, tuseme sekunde 15. Hizo ni gramu 15, na ndani yake dawa ya kumuua mbu haizidi miligramu 150. Zaidi ya gramu 14 ni mafuta na gesi, vyote vikielea kwenye hewa ileile utakayoivuta.

Halafu kuna ukubwa wa matone. Unywele wa binadamu una unene wa karibu mikroni 70. Tone linalozidi mikroni 10 kwa kawaida hunaswa puani na kooni, lakini lililo chini ya mikroni 5 hushuka hadi kwenye njia nyembamba za hewa, na mengine hufika kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu. Mpulizo wa kopo hutoa matone ya saizi mchanganyiko. Makubwa huanguka upesi, ndiyo maana vigae huteleza pale ulipopulizia. Telezi ile ni mafuta ya kiyeyusho. Madogo hubaki juu yakikusubiri.

Mtu mzima mwenye afya akiyavuta kwa muda mfupi, kinachotokea kwa kawaida ni koo kuwasha, kikohozi, chafya, kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu. Ngozi ya uso nayo yaweza kusisimka kama inatembelewa na sisimizi. Mwili wetu huvunjavunja pairethroidi upesi kuliko mwili wa mdudu, na ndiyo sababu dawa hizi ziliruhusiwa majumbani. Ila ruhusa hiyo inaendana na masharti yaliyoandikwa kwenye kopo, yale ambayo hakuna anayeyasoma.

Kopo la warukao na kopo la watambaao

Watu wengi wana kopo moja la kazi zote, na hapa ndipo pumzi nyingi za bure zinapovutwa. Kopo la wadudu warukao limetengenezwa litoe ukungu mwembamba unaokaa hewani ili mbu apite ndani yake. Sifa hiyohiyo ndiyo inayolifanya lifike kifuani mwako kirahisi. Kopo la watambaao hutoa matone mazito, yenye maji maji, yanayotakiwa kubaki kwenye ufa, nyuma ya kabati, chini ya sinki, mahali mende anapopita. Mara nyingi dawa yake huwa ya kudumu, iliyokusudiwa kubaki na nguvu pale ilipopakwa.

Ukipuliza kopo la watambaao hewani kumwinda mbu, unaishushia dawa ya kudumu shuka, mto, meza ya kulia na midoli ya mtoto. Ukipuliza la warukao kwenye ufa wa mende, nusu yake inarudi usoni kwako. Kwa hiyo kama shida yako ni mende tu, chagua la watambaao, hasa lenye mrija mwembamba wa kuingiza kwenye ufa, upulize kidogo kidogo kwa karibu. Afadhali zaidi ni dawa ya jeli, ile inayodondoshwa kama tone la gundi kwenye bawaba za kabati. Haipulizwi, kwa hiyo hakuna ukungu wa kuvuta, na mende anaila mwenyewe na kwenda kufia kwao. Kwa jikoni sioni kwa nini mtu aendelee na kopo wakati jeli ipo, isipokuwa ile raha ya kumwona mende akifa papo hapo.

Kopo na koili

Koili ndiyo dawa ya mwenye kipato kidogo. Inauzwa hata kipande kimoja kimoja, haihitaji umeme, na inawaka saa saba au nane. Kwa sababu haina gesi na inanuka kama udi, wengi huiona ya upole kuliko kopo.

Mapafu hayaioni hivyo. Dawa ndani ya koili ni sehemu ndogo mno. Sehemu kubwa ni unga wa mbao, vifuu vya nazi na wanga, yaani kuni zilizosagwa zikasokotwa. Zinaungua taratibu bila mwali, na uunguaji wa aina hiyo hutoa chembechembe laini kwa wingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliopima koili za China na Malaysia, ulikuta kwamba koili moja ikiungua yote hutoa chembechembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Formaldehaidi yake, gesi inayochoma macho na inayohusishwa na saratani, iliweza kufikia ya sigara 51.

Rudi sasa kwenye kopo. Ukungu wake ni mkali kwa dakika chache, kisha hutua na kutawanyika, hasa ukifungua dirisha. Koili haikupi dakika za kupumzika: inafuka tangu unapozima taa hadi alfajiri, nawe uko kitandani mita moja tu kutoka ilipo. Ndiyo maana nasema kopo lililotumiwa kwa utaratibu linaishinda koili. Utaratibu wenyewe ni huu: saa moja hivi kabla ya kulala, toa watu, funika maji na chakula, puliza sekunde chache kama lebo inavyosema, toka na ufunge mlango. Baada ya dakika 20 au 30, au muda uliotajwa kwenye kopo, fungua madirisha na mlango hewa ipite mpaka harufu iondoke. Ndipo watu waingie.

Nyumba isiyoweza kufuata hayo, mathalani chumba kimoja cha kupanga chenye watoto watatu ambao tayari wamelala, isinunue kopo la mbu hata kidogo. Koili nayo ikilazimika, iwekwe barazani au nje ya mlango penye upepo. Huko barazani inafanya kazi nzuri tu, na moshi una pa kwenda.

Moto ni suala jingine. Koili huunguza magodoro na mapazia. Kopo hulipua. Gesi yake ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini, na koroboi, mshumaa, jiko la mkaa au hata cheche ya ile raketi ya umeme ya kuulia mbu yaweza kuiwasha. Kupuliza na kisha kuchapa mbu kwa raketi papo hapo ni mchezo mbaya.

Kifaa cha kuchomeka ukutani

Hiki ni kile chenye kichupa cha dawa ya maji au kikadi kidogo kinachopashwa moto na umeme. Hakina moshi, hakina gesi ya kusukumia wala majivu. Kwa chembechembe laini kinaishinda koili kwa mbali sana. Dhidi ya kopo ushindi wake hauko wazi, maana dawa, mara nyingi transfluthrini, prallethrini au alethrini, hutoka kama mvuke kidogo kidogo usiku mzima, na wewe unaivuta usiku mzima.

Kwa hiyo kinafaa chumba chenye hewa inayopita, dirisha lenye wavu likiwa wazi. Hakifai chumba kilichofungwa kikawashwa kiyoyozi, ingawa ni kwenye vyumba hivyo hasa ndiko kinakopatikana sana. Kiweke mbali na kichwa cha kitanda, na ukiweza kiwashe jioni ukizime unapopanda kitandani. Umeme ukikatika kinga imekatika, jambo ambalo mkazi wa Dar au Kampala hahitaji kuelezwa.

Neti, wavu wa dirisha na raketi

Neti yenye dawa nayo ina pairethroidi, hata tusijidanganye. Tofauti ni kwamba dawa imeshikamana na nyuzi, haielei. Neti mpya huweza kuwasha ngozi au kuleta chafya siku za mwanzo, ndiyo maana hushauriwa kuianika kivulini kwanza, si juani, kwa siku moja hivi. Baada ya hapo unacholipa kwa mapafu ni kidogo mno kukilinganisha na kila kitu nilichokitaja hapo juu.

Kuna jambo la usugu ambalo linaihusu neti na kopo pia. Mbu wa Afrika Mashariki wamezoea pairethroidi mahali pengi. Matokeo yake nyumbani ni rahisi kuyaona: dawa haiui kama zamani, mtu anaongeza sekunde za kubonyeza, mbu anapepesuka tu na kuinuka tena, na aliyeongezewa dozi ni mwenye nyumba. Upande wa neti, wataalamu walijibu kwa kubadilisha mchanganyiko. Jaribio lililofanyika Misungwi, mkoani Mwanza, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2022, lilionyesha kuwa neti zilizochanganywa pairethroidi na klorofenapiri, dawa ya kundi jingine, zilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili, zikilinganishwa na zenye pairethroidi peke yake. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likazipendekeza rasmi. Ukipewa nafasi ya kuchagua neti, uliza kama ni ya aina hiyo. Hakuna kopo dukani lenye ushahidi kama huo nyuma yake.

Upungufu wa neti tunaujua: inakulinda ukiwa ndani yake tu. Mbu wa dengi huuma mchana, na Dar es Salaam ililipuka dengi mwaka 2014 na tena 2019. Hapo panahitajika wavu wa madirisha, kumwaga maji yaliyotuama kwenye matairi, makopo na vyungu vya maua, nguo ndefu, na dawa ya kujipaka ngozini. Nasema ya kujipaka. Ya kupuliza mwilini nayo ipo, na ukiitumia puliza kiganjani kwanza ndipo ujipake usoni.

Wavu wa dirisha ni gharama ya mara moja inayouma mfukoni siku ya fundi, kisha inasahaulika. Feni inayoelekezwa kitandani humsumbua mbu kuliko watu wanavyodhani, maana hawezi kushindana na upepo. Raketi haina kemikali yoyote, ila inahitaji mtu mwenye subira, na watoto huigeuza mchezo.

Upuliziaji wa dawa ya kuta, ule unaofanywa na timu maalumu kama ilivyokuwa Zanzibar na mikoa ya Kanda ya Ziwa, usiuchanganye na kopo. Ule unapakwa ukutani na watu waliovaa vikinga, familia inakaa nje kwa saa kadhaa, sakafu inafagiwa ndipo watu warudi. Nani amewahi kuona familia ikifanya hata robo ya hayo baada ya kupuliza kopo?

Usilinganishe kabisa: chupa isiyo na lebo

Kunguni wanapoingia nyumbani watu huchanganyikiwa, na mtaani kuna anayeuza dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina jina, "inaua mpaka mayai." Mara nyingi vitu kama hivi ni sumu za shambani za kundi la oganofosfati, mathalani diklorovosi, ambazo hutoa mvuke wenye nguvu. Dalili zake si za pairethroidi: mate na machozi kumwagika, jasho, mboni za macho kuwa ndogo, kifua kubana, tumbo kusokota, misuli kutetemeka. Hilo ni la kukimbizwa hospitali. Katika ulinganisho huu chupa hiyo haina nafasi. Dawa halali ina namba ya usajili kwenye lebo. Kwa Tanzania ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kwa Kenya ni ya Bodi ya kudhibiti viuatilifu. Isiyokuwa nayo, iache hapohapo mkononi mwa muuzaji.

Kwa kunguni, maji ya moto, kuanika godoro juani, kuziba nyufa za kitanda na kufua shuka kwa maji yanayochemka vinafanya zaidi ya kopo, ingawa ni kazi ya wiki kadhaa.

Makopo mengine ya nyumbani

Hapa uchaguzi ni mwepesi, kwa hiyo sitakaa sana.

Dawa ya kusafishia ya kupuliza, ukilinganisha na ileile ya kumimina kwenye kitambaa: kitambaa. Utafiti wa mwaka 2007 katika nchi kumi za Ulaya uliona dalili za pumu zaidi kwa watu waliotumia spre za usafi angalau mara moja kwa wiki. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, waliofuatilia watu zaidi ya 6,000 kwa miaka 20, waliona mapafu ya wanawake wanaofanya usafi, nyumbani au kazini, yakichakaa haraka kuliko ya wasiofanya. Fikiria sasa dada wa kazi. Kwenye nyumba nyingi, iwe Mikocheni, Kilimani au Maskati, ndiye anayeshika kila kopo, vyoo vyote na milango imefungwa. Ukimnunulia ndoo, kitambaa na sabuni ya maji badala ya spre, umemwondolea sehemu kubwa ya mzigo. Na jiki isichanganywe kamwe na siki, asidi ya choo wala dawa yenye amonia; gesi inayotoka hapo haihitaji dakika nyingi kumlaza mtu.

Spre ya kunukisha chumba haisafishi hewa, inaongeza kitu kingine juu yake. Limonini, ile harufu ya limau, ikikutana na ozoni ya hewani huzaa formaldehaidi kidogo. Usidhani basi udi na ubani ni mbadala salama. Utafiti uliofanywa Omani kwa watoto wa shule ulikuta kwamba moshi wa bakhuri haukuhusishwa na kuwapo kwa pumu, lakini kwa mtoto ambaye tayari anayo mara nyingi uliamsha kukoroma kwa kifua. Fukiza nguo kwenye tege uani, au chumba kitupu na dirisha wazi, kisha mwite mgonjwa wa pumu. Kwa harufu mbaya ya choo, tafuta chanzo chake.

Manukato ya kwapa: ya kupaka yenye kijipira au ya mche yanaishinda ya kupuliza, hasa kwa vijana wa bweni wanaopuliza thelathini kwa pamoja chumba kimoja. Mwaka 2021 na 2022 baadhi ya spre za mwilini, za nywele na za kukinga jua zilirudishwa kutoka madukani Marekani baada ya kukutwa na benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Lawama kubwa iliangukia gesi ya kusukumia. Na mzazi ajue kwamba wapo vijana wanaovuta gesi ya makopo haya makusudi ili walewe. Butani huweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua hata siku ya kwanza.

Spre ya kuzuia maji kwenye viatu na ngozi iko peke yake kwa ukali. Uswisi, majira ya baridi ya 2002 na 2003, zaidi ya watu 100 waliumwa mapafu baada ya kuzitumia, wengi ndani ya nyumba. Hii ipulizwe nje tu, upepo ukiwa mgongoni kwako, au tumia nta ya kupaka.

Usidanganywe na neno "salama kwa ngozi." Korea Kusini iliuza kwa miaka dawa ya kusafisha vifaa vya kutia unyevu hewani, na kemikali yake kwenye ngozi haikuwa na tatizo kubwa. Vifaa vile viliigeuza ukungu, watu wakaivuta wamelala, na mwaka 2011 ikabainika kuwa ndiyo iliyokuwa ikiharibu mapafu ya wajawazito na watoto. Wengi walikufa. Ngozi ni ukuta mnene. Utando wa mwisho wa pafu ni mwembamba kiasi kwamba oksijeni inapenya bila shida, na ukungu nao haushindwi.

Kwa hiyo uchague nini

Nyumba yenye mtoto mchanga: neti na wavu wa dirisha, basi. Mtoto huyo huvuta pumzi 40 hadi 60 kwa dakika, wewe 12 hadi 20, na pua yake iko karibu na godoro ambako matone hutua. Chumba anacholala kisipulizwe chochote. Mende wa jikoni wapewe jeli, iwekwe asipofika atakapoanza kutambaa.

Mwenye pumu: kopo, koili na udi vyote vitoke chumbani. Kama lazima ipulizwe, apulize mtu mwingine, naye asilale chumba hicho usiku ule. Dawa yake ya kuvuta iwe karibu.

Chumba kimoja cha kupanga, pesa kidogo: neti kwanza, na anayehudhuria kliniki ya wajawazito aulize, maana mara nyingi hupewa bure. Kinachobaki nunua wavu wa mita chache na misumari, dirisha moja halichukui kingi. Koili iishie barazani.

Nyumba kubwa yenye vyumba vya kuhamahama: kopo linaweza kukaa, kwa utaratibu wa mapema niliousema, na anayepuliza afunike pua na kutoka mara moja. Wenye paka waangalie permethrini, ambayo ini la paka haliwezi kuivunja. Wenye samaki wafunike tangi na kuzima pampu ya hewa, kwani pairethroidi huwaua samaki kwa kiasi kidogo sana.

Na likitokea la kutokea: aliyevuta ukungu mwingi mtoe nje penye hewa, mlegeze nguo, muoshe ngozi kwa sabuni na maji. Mtoto akinywa kilichomo, usimlazimishe kutapika, maana mafuta yakipanda na kuingia mapafuni yanaleta nimonia mbaya kuliko yalivyokuwa tumboni. Mpeleke hospitali, na kopo lenyewe ulibebe, daktari ataanza kwa kusoma lebo.